Githeri Kwenye Rimu za Mzee Nyaga

Jumatatu asubuhi, kabla upepo wa Siakago haujaamka na kuanza kubeba vumbi, Runji alinyunyizia uwanja wake maji kwa mkebe aliokuwa ameutoboa kwa msumari. Alitandika gunia la ndengu kando ya ukuta wa jiko, akapanga juu yake rimu nne za aloi. Tairi zilikuwa zimeshatolewa na Thuranira, fundi wa pancha, mtu wa Laare aliyeoa Siakago na kusahau kurudi kwao. Runji alizigeuza rimu moja moja, akapitisha kidole kwenye kingo zilizokwaruzwa na mawe, kisha akapanga misasa yake kwa mpangilio, ule mkali kwanza na ule laini mwisho.

Kazi hii alijifunza peke yake, kwa kuharibu. Rimu yake ya kwanza aliipuliza rangi saa sita mchana, na nzi wakatua juu yake kabla haijakauka; bado ameitundika ukutani, nzi wakiwa ndani ya rangi ya fedha kama mapambo. Tangu siku hiyo hupuliza asubuhi tu. Wateja wake wengi ni madereva wa muguka, yale majani ya kutafuna yanayokimbizwa mjini kabla hayajanyauka, ambao hupenda rimu zing'ae kwa sababu wanapopita, hicho ndicho kitu pekee ambacho mtu huwahi kukiona.

Rimu za Jumatatu hiyo hazikuwa za muguka. Zilikuwa za Mzee Nyaga, mnunuzi wa ndengu, mzee wa kanisa, na mlezi wa Kikundi cha Mafiga. Mafiga ni kikundi cha akina mama wanaopika kwenye harusi, kwenye ruracio za kupeleka mahari, na kwenye mazishi, na mlezi ni yule mtu anayeombwa kusema maneno machache kabla watu hawajala. Mzee Nyaga alitaka gari liwe tayari kwa Jumamosi, maana alikuwa msemaji kwenye ruracio ya binti ya jirani, na msemaji hafiki na magurudumu yenye makovu.

Mke wa Runji, Ciakuthii, alikuwa mwanachama wa Mafiga. Hadi kabla ya Pasaka, yeye ndiye aliyetunza ufunguo wa stoo ya vyombo. Asubuhi moja ya mazishi alifungua stoo akakuta sufuria nne kubwa hazipo, na kufuli halijavunjwa. Hakuna aliyemwita mwizi. Walichukua tu ufunguo, wakampa viazi amenye, mbali na moto, na kila alipopita karibu na kabati la vijiko mtu mmoja alianza kuvihesabu kwa sauti.

Alichotaka Ciakuthii, Mama Nelius kwa wenzake, hakikuwa kikubwa. Alitaka mtu mmoja asimame penye moto, mbele ya wenzake, aseme: Mama Nelius hakuiba. Alikuwa amemenya viazi tangu Pasaka akisubiri sentensi hiyo.

Runji alianza na rimu ya kwanza. Aliondoa rangi ya zamani, akafika kwenye bati tupu, akafuta kwa kitambaa chenye petroli. Bati liling'aa vizuri. Alipogeuka kuchukua puti ya kujazia makovu, likawa limetoka mafuta.

Rangi haikai juu ya mafuta; hilo kila fundi analijua. Runji alilifuta tena. Mafuta yakarudi, na safari hii yalikuwa na harufu ya kitunguu. Akaosha rimu kwa sabuni ya kipande, akaisugua kwa brashi ya waya, akaisuuza na kuiegemeza juani. Jua lilipokolea, akailaza chini iangalie juu, upande wa ndani ukiwa kama bakuli, ili maji yakauke. Maji hayakukauka. Yalianza kutokota taratibu, kisha yakawa mazito, kisha mahindi na maharagwe yakaonekana.

Mashimo ya rimu hayakuvujisha kitu.

"Baba Nelius," Ciakuthii aliita kutoka shambani, "unapika nini hapo uwanjani?"

"Napiga msasa."

"Msasa wa nini unanukia githeri?"

Alikuja na jembe begani, akaliweka, akaingia jikoni na kurudi na mwiko. Alichota, akapuliza, akaonja. Akabaki ameufumba mdomo kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Hii ni githeri ya mazishi ya baba yake Muriithi," alisema. "Niliwaambia chumvi haitoshi. Wakasema Ciakuthii anapenda chumvi kama mbuzi." Akaonja tena. "Haitoshi hadi leo."

Runji aliendelea na rimu ya pili, kwa kuwa kazi ilikuwa ya rimu nne. Hiyo ilitoa pilau, nayo ilikuwa imeshika chini kidogo upande mmoja. Ya tatu ilitoa chai ya maziwa yenye tangawizi, iliyofanya utando juu kila ilipoachwa. Ya nne aliisugua kwa hamu zaidi, lakini ilitoa maji ya uvuguvugu yenye povu, ya kuoshea vyombo.

"Si kuna sufuria moja ilikuwa ya kuoshea," Ciakuthii alisema. "Ile yenye mkono uliolegea."

Ndipo Runji alipoipangusa rimu ya githeri upande wa nje na kuona madoa matatu. Yalikuwa yamepigwa kwa msumari, mawili chini na moja juu, kama mafiga ya kuinjikia chungu. Alama hiyo aliipiga yeye mwenyewe, miaka mingi iliyopita, kwenye benchi yake, akina mama waliponunua sufuria zao za kwanza na kutaka zisichanganyike na za kanisa jirani. Kwenye sufuria ya pilau doa la juu lilikuwa limekwenda kombo, kwa sababu kuku alimgonga kiwiko. Aliitazama rimu ya pilau. Doa la juu lilikuwa limekwenda kombo.

Ciakuthii aliketi kwenye kigoda. Alizitazama rimu zote nne, moja moja, kama mtu anayetazama watoto wake waliorudi kutoka shule ya bweni wakiwa na nywele za mtindo mwingine.

"Usizipake rangi," alisema hatimaye.

"Mzee anazitaka Ijumaa."

"Najua. Usizipake mpaka kikundi kije kionje. Mtu akinionyesha bati naweza kubisha. Lakini hakuna mwanamke wa Mafiga ambaye hatajua ule mkono wa Rwamba kwa pilau. Yule hujaza bizari kama anazibua shimo."

Runji alifikiri. Yeye si mtu wa kuhukumu haraka. Hata kutu huipa nafasi ya kujieleza.

"Siwezi kupaka," alisema. "Zina mafuta. Huo ni ukweli."

Thuranira alipita saa ya chakula cha mchana kuuliza kama alisahau spana yake. Hakuwa ameisahau, ilikuwa mfukoni. Alipewa sahani.

"Nyinyi watu wa hapa mna bahati," alisema akitafuna. "Kwetu Laare gari hubeba miraa tu. Unafika Nairobi na njaa yako."

"Wewe ndiye ulitoa tairi," Ciakuthii alimwambia. "Hukusikia harufu?"

"Nilisikia. Nilidhani ni mimi, nilikuwa sijala."

"Na Mzee alizitoa wapi hizi rimu?"

"Kuna kijana Embu, nyuma ya soko, huyeyusha bati na kumwaga kwa mchanga. Unampelekea rimu ya mfano na bati lako, anakutolea nyingine kama hiyo. Bati lazima uje nalo." Thuranira alikwangua sahani. "Kuna chai?"

Kulikuwa na chai.

Jumatano Mzee Nyaga alikuja kwa bodaboda, kofia mkononi, kwa sababu gari lake lilikuwa juu ya mawe nyumbani. Alikuta rimu zimepangwa kwenye gunia na mvuke ukizitoka. Akasalimia kwa adabu, akauliza habari za Nelius, aliyekuwa anafanya kazi Meru mjini, akauliza kama mvua ya kwao Runji ilifika. Kisha akainama juu ya rimu ya kwanza.

"Hii haijakauka," alisema.

"Haikauki, Mzee," alisema Runji. "Na rangi haikai juu ya mafuta."

Ciakuthii alimletea sahani na kijiko kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Mzee Nyaga alivua koti, akaomba, akala. Alimaliza yote.

"Chumvi," alisema.

"Ndiyo hiyo, Mzee. Hata mimi nilisema." Ciakuthii alisimama mbele yake. "Sasa nikuulize. Sufuria zetu zilifikaje kwa hizi rimu?"

Mzee Nyaga alijifuta mdomo. Hakuonekana kusumbuliwa na swali. Alilijibu kama anayeulizwa bei ya ndengu.

"Zilikuwa zimechakaa, mama. Moja mkono umelegea. Kama mlezi nikaona nizipeleke Embu zirekebishwe. Nilipofika, kijana akasema gharama ya kurekebisha ni sawa na kununua mpya. Na mimi wakati huo nilikuwa na shida ya rimu."

"Uliingiaje stoo?"

"Mlezi ana ufunguo wake. Si ndio maana ya mlezi?"

"Na waliponiuliza mimi, Mzee, mbele ya watu wote? Ulikuwa umekaa hapo kwa kiti cha mbele. Mbona hukusema?"

Mzee Nyaga aliwaza kwa uaminifu. Alitazama angani, kisha ardhini.

"Hakuna aliyeniuliza," alisema. "Walikuuliza wewe."

Alivaa koti lake, akamkumbusha Runji kuhusu Jumamosi, akaomba afungiwe pilau kidogo ya kumpelekea mkewe nyumbani. Alifungiwa kwenye karatasi ya mkate. Dereva wa bodaboda alikuwa ameshajihudumia chai.

Alhamisi akina mama wa Mafiga walikuja. Ciakuthii alikuwa amewapigia simu tangu asubuhi, na hakuwaeleza mengi. Aliwaambia waje na sahani. Walikuja na sahani, vikombe, na wengine mikebe yenye vifuniko. Rwamba, mwenyekiti wao, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kutangaza, alipiga magoti mbele ya rimu ya pilau na kuonja kwa ncha ya kidole.

"Hii ni yangu," alisema.

"Bizari imezidi," alisema mmoja.

"Haijazidi. Ni wewe hukuzoea vitu vizuri."

Walionja zote. Waligusa madoa matatu kwenye kila rimu. Mmoja alitaja harusi ambayo chai hiyo ilipikwa, mwingine akasema hapana, ilikuwa harusi nyingine, ile ambayo bwana harusi alichelewa, wakabishana mpaka rimu ikajaa tena. Waliokwisha kula walisuuza sahani zao kwenye rimu ya nne bila kuambiwa. Ilikuwa wazi kwa kila mtu pale uwanjani kwamba vyombo vyao vilikuwa chini ya gari la Mzee Nyaga tangu Pasaka, na kwamba vilifika huko kwa ufunguo wa Mzee Nyaga. Ciakuthii aliwaeleza alivyojibiwa, neno kwa neno. Walitikisa vichwa. Wakasema huyo ndiye Mzee kabisa, ndivyo anavyozungumza.

Ciakuthii alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili. Alisimama kando ya moto, ambao Runji alikuwa amewasha ili pilau isipoe, na mikono yake ilikuwa imeshikana mbele. Runji, aliyekuwa akinoa kisu cha puti ambacho hakikuhitaji kunolewa, aliona kwamba alikuwa anasubiri.

Rwamba aliita kamati nyuma ya jiko. Walizungumza kwa muda. Walirudi wakiwa wamepanga nyuso zao.

"Mama Nelius," Rwamba alisema, na sauti yake ikafika barabarani. "Tumeona kwa macho na tumeonja kwa ulimi. Vyombo vimepatikana. Mzee Nyaga ni mlezi wetu, na ndiye alitununulia tangi la maji, na mtu hawezi kuanza kugombana na tangi wakati wa kiangazi. Tumeamua kila tukiwa na shughuli, gari lije, Thuranira atoe tairi, tupike. Mzee hatakataa, maana hata yeye huwa amealikwa."

"Vizuri," alisema Ciakuthii. "Na mimi?"

"Wewe ndilo jambo la pili." Rwamba alimshika bega kwa upendo. "Kwa vile vyombo vimepatikana, na hakuna kilichopotea, kamati imeamua kukusamehe."

Akina mama walipiga makofi. Mmoja alipiga kigelegele. Ciakuthii alitazama nyuso zao, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa zimejaa furaha ya kweli, na nyingine zilikuwa bado zinatafuna.

"Mnanisamehe nini?" aliuliza.

"Yote," alisema Rwamba. "Hatutaki hata kukumbushana."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo wa nini, mama? Stoo haina kitu. Vyombo viko kwa gari."

Ciakuthii aligeuka. Akatazama rimu ya githeri. Kisha akaenda jikoni, akarudi na pakiti ya chumvi, akatia kadiri aliyoona inafaa. Hakuna aliyethubutu kuhesabu vijiko. Githeri hiyo ilipoonjwa tena walikubaliana wote kwamba sasa ilikuwa imekamilika, na Rwamba akasema kwamba kwa ajili ya hilo Mama Nelius angerudi penye moto. Viazi wangempa mtu mwingine.

Usiku wao haukuwa na mengi. Runji alisema, "Kesho nitazipaka."

"Zina mafuta," alisema Ciakuthii.

"Ndani sitapaka. Nitapaka nje tu. Nimefikiria namna."

Ijumaa aliamka kabla ya upepo. Alichukua rangi ya kustahimili moto, ile wanayopaka mabomba ya moshi ya pikipiki, kwa sababu rangi ya kawaida ingebabuka siku ya kwanza ya kupikwa. Alichanganya puti juu ya kadi ya zamani ya mchango wa harusi, akajaza makovu, akaacha yakauke, akapiga msasa mkavu kisha msasa wa maji. Vyakula alikuwa amevihamishia kwenye ndoo, na alipomaliza kila rimu aliifunika ndani kwa gazeti ili rangi isiingie kwenye chakula. Kisha alikata vipande vidogo vya karatasi, vya mviringo, vyenye upana wa kichwa cha msumari mkubwa, akavibandika juu ya kila doa. Alipuliza rangi nyembamba, akangoja. Akapuliza nyingine, akangoja. Hakuharakisha. Rangi ya mwisho ilipokauka alibandua karatasi kwa ncha ya kisu, na kwenye kila rimu yakabaki mafiga matatu ya bati tupu, yaking'aa kuliko rangi yenyewe. Lile la juu kwenye rimu ya pilau lilikwenda kombo, nalo aliliacha hivyo.

Mzee Nyaga alipokuja kuzichukua, aliinama akazitazama.

"Haya madoa ni nini?"

"Ni alama ya kikundi, Mzee. Ili chombo kisipotee."

Mzee Nyaga alikubali. Alisema ni jambo jema mali ya umma kuwekwa alama. Yeye mwenyewe siku zote alikuwa akisema hivyo.

Ruracio ya Jumamosi ilikwenda vizuri. Gari lilifika likimetameta, Thuranira akalipiga jeki akaliweka juu ya mawe, akatoa tairi, na akina mama wakaanza kazi. Mzee Nyaga alizungumza kwa niaba ya ukoo kwa ufasaha. Watu walipokula, mchungaji alimshukuru Mungu kwa ajili ya mlezi mwenye moyo wa kutoa hata magurudumu ya gari lake, jambo ambalo si wengi wangelifanya. Mzee Nyaga aliinamisha kichwa. Ciakuthii, aliyekuwa akikoroga, naye aliinamisha kichwa, maana yalikuwa maombi.

Tangu hapo mambo yamekwenda hivyo. Thuranira hualikwa kwenye kila mazishi kabla ya mchungaji, na amenunua pampu ya pili. Shughuli zikiwa nyingi, Mzee Nyaga hukaa ndani ya gari lake lililo juu ya mawe, madirisha wazi, akingoja vyombo vioshwe arudi nyumbani. Kwenye stoo ya kikundi bado kuna kufuli. Funguo zake ni mbili. Mmoja anao Rwamba, mwingine anao mlezi. Ndani hakuna kitu. Na ile sentensi ambayo Ciakuthii aliisubiri bado haijasemwa na mtu, ingawa watu husema mengine mengi mazuri kuhusu chumvi yake.

Siku za soko gari la Mzee Nyaga hupita mbele ya kwa Runji likielekea kununua ndengu. Ciakuthii hulisikia likiwa bado mbali, kwa sababu ya ile rimu ya nne, ambayo hutikisika na kumwaga povu kidogo kwenye kona. Huacha anachofanya, akaenda hadi langoni, akasimama. Magurudumu yanapopita, madoa matatu yakizunguka hadi yakawa duara moja jeupe, yeye huinua mkono na kuzipungia sufuria zake.

Mzee Nyaga, ambaye ni mtu wa adabu, humpigia honi.